Wiki 8 za fildi: kuanzia dirisha la masjala hadi kuijua kazi unayoiweza

Kila mwaka, wiki ya pili au ya tatu ya Julai, mlango wa ofisi yetu hugongwa na vijana wawili watatu wenye bahasha za kaki mkononi. Ni wanachuo wa fildi. Mimi ni mkaguzi wa ndani katika halmashauri moja ya wilaya, na mara nyingi huletwa kwangu kwa sababu uhasibu kumeshajaa. Kabla sijawaonyesha kiti huwauliza swali moja: "Kwa nini umekuja hapa?" Wengi hujibu, "Nimekosa kwingine." Wengine hutazama sakafu. Mwaka mmoja binti mmoja akanijibu, "Nataka kuona mkaguzi anashinda akifanya nini, maana sina hakika kama kazi hii naitaka." Nilimpa kiti cha dirishani.

Mwongozo huu nauandika nikimfikiria yeye, na nikiwafikiria zaidi wale waliokosa kwingine. Nasema fildi kwa sababu ndivyo tunavyosema. Kwenye karatasi za chuo utakuta mafunzo kwa vitendo. Wahandisi huita PT, walimu huita BTP. Muda hutofautiana kwa kozi, ila wiki 8 ndicho kipimo utakachokutana nacho mara nyingi, na kwa vyuo vingi huangukia kati ya Julai na Septemba, mitihani ya muhula wa pili ikishapita. Nazungumzia Tanzania Bara, ninakokujua. Aliye Kenya atakuta hatua ni karibu zilezile, ila huko ofisi nyingi hazikupokei bila bima ya ajali, kwa hiyo aiulizie chuoni mapema.

Januari: amua unakwenda kujaribu nini

Fildi yangu ya kwanza niliifanya kwenye shirika moja kubwa Dar es Salaam. Jengo lilikuwa na lifti, kiyoyozi na mlinzi wa kukuandika jina. Nilijiona nimefika. Nilipiga picha mlangoni nikaituma nyumbani. Kwa wiki 8 kazi yangu ikawa kutoa fotokopi, kupandisha majalada ghorofa ya tano na kuyashusha tena. Hakuna aliyenionea. Walikuwa watu wema wenye kazi nyingi, na mwanafunzi wa mwaka wa pili hakuwa na pa kushika. Nikapata A. Nilichojifunza ni namna ya kuchomoa karatasi iliyokwama kwenye mashine.

Mwaka uliofuata nilikosa Dar, nikaangukia kwenye SACCOS ya walimu katika mji mdogo wa wilaya. Wafanyakazi walikuwa watatu. Siku ya pili nikakabidhiwa leja za wanachama nizilinganishe na makato ya mishahara. Wiki ya tatu meneja akanipakia kwenye pikipiki twende tukahakiki biashara ya mwanachama aliyeomba mkopo. Fomu ilisema duka la vifaa vya ujenzi. Tulikuta kibanda chenye bati tano na misumari isiyofika kilo mbili. Jioni ile nilijua mambo mawili kunihusu: kukaa na leja kutwa kunanichosha, na kutoka na karatasi kwenda kuona kama inasema kweli kunaniamsha. Darasani vyote viwili viliitwa uhasibu. Mitaani ni kazi mbili, zenye siku tofauti kabisa, na hakuna mhadhiri aliyewahi kunitenganishia.

Kwa hiyo Januari, kabla hujaandika barua yoyote, chukua karatasi uandike kazi tatu ambazo mtu wa kozi yako anaweza kuajiriwa kuzifanya. Usiandike vyeo, andika shughuli. "Afisa utumishi" ni cheo. Kupanga ratiba ya likizo, kumsikiliza mtumishi aliyekatwa mshahara kimakosa, kuandaa majalada ya wanaopanda daraja: hizo ndizo shughuli. Ukishindwa kuzitaja, usijali sana, ila ujue kwamba hicho usichokijua ndicho unachokwenda kukitafuta kwa wiki 8. Mahali penye sifa lakini wasipokuonyesha shughuli hizo hapakufai.

Angalia pia kilichopo mbele ya kozi yako. Daktari ana mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini baada ya shahada. Mhandisi ana SEAP, mpango wa mafunzo kazini wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ulioanza mwaka 2003 na unaochukua miaka 3. Anayetaka uwakili atapita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Hao wana mlango wa pili wa kuijua kazi kabla hawajaachiwa waifanye peke yao. Wewe wa masoko, wa sosholojia, wa mipango, wa maendeleo ya jamii, hujawekewa mlango kama huo. Ukikosea kuchagua ukiwa fildi, hasara yako ni wiki 8. Ukikosea baada ya kuajiriwa, utakuwa na kodi ya nyumba na pengine mtoto.

Februari: chagua mahali, na usisahau msimu

Kila mtu hukimbilia Benki Kuu, TRA, bandari na TANESCO. Sikukatazi, peleka barua yako moja huko. Lakini Tanzania Bara ina halmashauri 184, na kila moja ina wahasibu, maafisa ugavi, maafisa mipango, mwanasheria, watu wa TEHAMA, wa ardhi, wa kilimo, wa mifugo, wa maendeleo ya jamii. Ongeza mamlaka za maji, hospitali za wilaya, SACCOS, vyama vya ushirika, viwanda vidogo vya alizeti. Sehemu ndogo ina uzuri wake: mikono haitoshi. Kwenye ofisi ya watu watatu, wewe wa nne unapewa kazi ya kweli kabla hujajua choo kiko wapi.

Jambo ambalo sikuambiwa na mtu ni msimu. Julai hadi Septemba si miezi sawa kwa kila kazi. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa Juni 30, na taasisi za umma zina hadi Septemba 30 kuwasilisha hesabu zake za mwaka kwa CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Maana yake mwanafunzi wa uhasibu anayeingia ofisi ya umma Julai anaingia jikoni chungu kikiwa kinachemka. Ataona stoo zikihesabiwa, usuluhisho wa benki ukitafutwa usiku, wadai wakipangwa kwenye orodha. Wa ugavi atakuta mipango mipya ya manunuzi ikiingizwa kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya umma uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Wa utalii atakuta kaskazini kumejaa wageni wanaofuata nyumbu wa Mto Mara, na kampuni ya Arusha itamshughulisha hadi aombe poo, ili mradi barua iwe imefika kabla hawajazidiwa.

Wa ushirika na masoko afikirie zao kabla ya mkoa. Pamba ya Simiyu na Shinyanga Julai inakuwa sokoni. Minada ya ufuta Lindi na Mtwara huwa bado ya moto. Korosho ni habari nyingine: minada yake huanza Oktoba, kwa hiyo aliyeifuata Julai kwa ajili ya masoko atakuta ghala limefagiliwa. Aliyeifuata kwa ajili ya kilimo, huyo atakuta mashamba yanapuliziwa dawa ya ubwiriunga na watu hawana muda wa kulala. Zao moja, mwezi mmoja, fildi mbili tofauti.

Na kama bado hujui kabisa unataka nini, kuna shule ya bei nafuu: maonyesho ya Sabasaba mwanzoni mwa Julai, na ya Nane Nane mwanzoni mwa Agosti kwenye viwanja vya Nzuguni, Themi, Nyamhongolo, Ngongo, John Mwakangale, popote palipo karibu nawe. Taasisi zimepeleka vijana wao kusimama mabandani, wengi wao waliajiriwa juzi, na mchana jua likiwaka hawana wa kuongea naye. Usichukue vipeperushi. Waulize waliingiaje na wanafanya nini siku zisizo za maonyesho. Fanya hivyo ukiwa mwaka wa kwanza.

Machi: barua, na safari yake

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wengi hupotezea nafasi wakidhani wamekataliwa, kumbe hawajasomwa.

Chuo kitakupa barua ya utambulisho. Hiyo inasema wewe ni mwanafunzi wao, basi. Haisemi unataka nini, na inafanana na za wenzako mia mbili. Ambatisha ya kwako, ukurasa mmoja, kwa muundo wa barua za kiofisi uliofundishwa sekondari. Kiini chake kiwe kama hivi:

*YAH: OMBI LA NAFASI YA MAFUNZO KWA VITENDO, KITENGO CHA UKAGUZI WA NDANI*

*Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, shahada ya uhasibu. Naomba nafasi ya wiki 8 kuanzia katikati ya Julai. Ningependa kushiriki uhakiki wa stoo na ukaguzi wa miradi ya ujenzi wa madarasa. Naweza kutumia Excel kupanga na kulinganisha orodha ndefu. Malazi ninayo hapa mjini. Naambatisha barua ya chuo, CV ya ukurasa mmoja na matokeo ya mwaka wa kwanza.*

Sentensi mbili ndizo zinazobeba barua hiyo. Ya kwanza ni ile inayotaja uhakiki wa stoo na madarasa, kwa sababu mkuu wa kitengo anayesoma anaona mara moja atakupa kazi gani. Anayeandika "kujifunza masuala mbalimbali ya kiofisi" anamwachia msomaji kazi ya kumfikiria, na msomaji ana majalada arobaini mezani. Ya pili ni ile ya malazi. Ofisi nyingi huogopa kitu kimoja kuhusu wanachuo, nacho ni kwamba wiki ya tatu mtu ataishiwa nauli aanze kuonekana Jumatatu na Alhamisi tu. Kuhusu "tafadhali husika na mada", najua inachekesha. Iache. Wakubwa wanaipenda.

Sasa safari. Unaikabidhi masjala, inagongwa muhuri wa kupokelewa, inaingia kwenye jalada, jalada linapanda kwa mkurugenzi, mkurugenzi anaandika pembeni neno moja au mawili kwenda kwa afisa utumishi, afisa utumishi anauliza idara kama wana nafasi, idara inajibu, jalada linarudi, jibu linachapwa. Kila meza ina siku zake, na mkurugenzi akisafiri Dodoma kila kitu kinamngoja. Kwa hiyo nenda na nakala mbili, moja igongewe muhuri ubaki nayo, na uombe namba ya jalada. Baada ya wiki mbili rudi mwenyewe.

Kurudi nako kuna namna yake. Kuna anayeingia na kusema, "Barua yangu vipi?" Anaambiwa iko mezani, aje wiki ijayo. Mwingine anaingia, "Shikamoo mama, za kazi. Nilileta barua tarehe 4, nakala yangu hii hapa, jalada namba hii." Mama wa masjala anavaa miwani, anafungua rejista, anakwambia, "Imekwama kwa mtu wa utumishi, mwanangu, chumba namba sita, mwambie nimekutuma mimi." Hiyo si rushwa wala undugu. Umemrahisishia kazi tu, naye amekurahisishia yako. Nimeona barua zenye GPA kubwa zikilala miezi miwili huku za vijana wa kawaida zikijibiwa ndani ya siku kumi, na tofauti ilikuwa dirisha lile.

Peleka barua sehemu tano, si ishirini. Ukikubaliwa sehemu moja, zijulishe nne zilizobaki. Hakuna anayefanya hivyo, ndiyo maana anayefanya hukumbukwa mwaka unaofuata. Na mtu akikwambia kwenye WhatsApp kwamba ana nafasi za fildi mahali fulani kwa ada ya elfu hamsini, mfute. Nafasi ya fildi haiuzwi.

Hela na mahali pa kulala

Fupi tu. Mnufaika wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, ambaye kozi yake ina fildi huwa na fungu lake la mafunzo kwa vitendo, na kiasi huonyeshwa kwenye mwongozo wa mikopo wa mwaka wako. Usome huo, usisome uvumi wa hosteli. Usipande basi ukitegemea hela ambayo haijaingia. Tangu Februari weka pembeni chochote kinachobaki kwenye bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, hata kiwe cha nauli ya wiki mbili.

Ukifikia kwa ndugu, chagua ofisi inayofikika kutoka hapo kwa daladala moja. Mbili zitakumaliza kabla ya hela. Usiingie kwa shangazi mikono mitupu, kilo mbili za sukari zinasema mengi. Mweleze tangu siku ya kwanza unaondoka tarehe ngapi. Mgeni mwenye tarehe hapimwi kijiko cha wali.

Wiki ya kwanza

Fika dakika ishirini kabla ya saa ya kazi. Vaa kama wanavyovaa wao, na kama hujui wanavaaje pita hapo siku moja kabla. Wiki hii utachoka kwa kukaa. Hakuna atakayekwepa fotokopi, nami nakushauri uzitoe vizuri, ila usizitoe umefumba macho. Mtu akikupa vocha za malipo ukanakili, zisome. Vocha ina nini? Imeambatishwa nini? Nani ameidhinisha? Nusu ya ninayoyajua kuhusu malipo ya serikali niliyasoma nikiwa nimesimama kando ya mashine, miaka baadaye nilipopata akili ya kutazama.

Siku ya tatu au ya nne, mwombe msimamizi wako dakika kumi. Mwambie hivi: "Bosi, chuo kinanitaka nionyeshe kazi nilizofanya. Naomba nikabidhiwe kazi moja ndogo iwe yangu kutoka mwanzo hadi mwisho, hata iwe ile ambayo nyie mmekosa muda nayo." Kila ofisi ina kazi hiyo. Kwetu ni rejista ya mali za kudumu: meza, kompyuta, pikipiki, kila kimoja na namba yake, na daima kuna chumba ambacho hakijahakikiwa. Mahali pengine ni orodha ya wateja wenye namba za simu zilizokufa, au kabati la ramani ambazo hakuna anayezipata. Ukiimaliza utakuwa na kitu cha kuonyesha, na ofisi itakuwa na sababu ya kukutaja jina.

Ikiwa wiki ya tatu imefika na bado ni chai na fotokopi, usinung'unike kwenye kundi la darasa. Omba kwa heshima kuhamishiwa idara nyingine hata kwa siku mbili kwa wiki. Wakikataa, mpigie mratibu wa fildi chuoni. Yupo kwa ajili hiyo, na wiki ya tatu bado kuna muda. Mimi nilinyamaza wiki zote nane kwa sababu ya lifti.

Logibuku

Hiki ndicho kitabu kinachodharauliwa kuliko vyote. Wengi hukijaza usiku wa kuamkia siku ya mhadhiri kuja, kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, siku arobaini zinazofanana: "Nilisaidia kazi za ofisi." Nikiletewa kitabu cha namna hiyo nisaini, nasaini huku roho inaniuma, na kwenye fomu ya tathmini ya siri naandika ninachokijua.

Jaza kila siku kabla hujaondoka, mistari minne. Ulifanya nini, kiasi gani, ulikutana na nini usichokielewa, nani alikuelewesha. Kwa mfano: "Nimepanga vocha 64 za Juni kwa namba. Vocha 3 hazina risiti ya mashine ya EFD. Nimeuliza, mhasibu amenieleza ni malipo ya posho, hayahitaji risiti hiyo, ila moja ni ya mafuta na ilitakiwa. Imerudishwa." Mhadhiri akisoma hayo hana haja ya kukuuliza kama ulikuwepo. Ripoti yako nayo inakuwa imeshajiandika nusu.

Halafu kuna ukurasa wa nyuma, ambao si wa mhadhiri. Chora mistari miwili ya kusimama. Upande mmoja andika kila siku saa ambayo ulisahau kutazama simu. Upande wa pili andika saa ambayo ulihesabu dakika. Usijieleze, andika tu shughuli iliyokuwa mkononi. Baada ya wiki ya tano soma safu zote mbili. Hakuna jaribio la mtandaoni la kuchagua kazi litakalokwambia zaidi ya hapo.

Waulize watu kazi zao

Chagua watu watatu katika ofisi ile: aliyeajiriwa karibuni, aliyekaa miaka kumi hivi, na anayekaribia kustaafu. Serikalini hiari ni miaka 55 na lazima ni 60, kwa hiyo mzee wa 58 yupo tu, mara nyingi ndiye mwenye hadithi na muda. Mwombe kila mmoja dakika ishirini, baada ya chai ya saa nne, si asubuhi.

Usiulize "kazi yako inahusu nini", utasomewa muundo wa utumishi. Uliza, "Jana ulifanya nini tangu ulipofika?" Mtu atakwambia alisubiri saini saa mbili, akapigiwa simu na diwani, akaandika dokezo, akala, akaandika tena lile dokezo. Hapo umeiona kazi. Uliza ni wiki gani ya mwaka huwa hataki kuamka. Uliza aliingiaje, na nani alimwambia kuhusu nafasi hiyo. Kwa anayekaribia kustaafu, uliza ni idara gani angehamia kama angerudishwa miaka thelathini nyuma. Mshahara usiuulize uso kwa uso. Viwango hutajwa kwenye matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, soma huko.

Mambo ya kukataa

Utaambiwa siku moja, kwa nia njema kabisa, "Chukua neno langu la siri uniingizie haya kwenye mfumo, mimi nawahi kikao." Kataa kwa adabu. Katika MUSE (mfumo wa malipo ya serikali), NeST na mingineyo kila kitendo hubeba jina la mwenye akaunti, na hela ikipotea nyote wawili mtaulizwa. Sema, "Samahani bosi, chuo kimetukataza. Naomba nikae pembeni uingize mwenyewe nitazame." Hakuna atakayekasirika zaidi ya dakika tano.

Usipige picha nyaraka zenye majina ya watu kwa ajili ya ripoti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu na wanachuo. Tengeneza jedwali lako, badilisha majina kuwa herufi.

Na hili nalisema bila kuzunguka, hasa kwa mabinti, ingawa vijana wa kiume pia huwapata: anayekuomba mwili ili akusainie logibuku au akupe nafasi anatenda kosa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inalitaja. Hifadhi ujumbe wote, usiende kwenye kikao cha jioni ulichoitwa peke yako, mwambie mratibu wa fildi na mtu mzima mmoja unayemwamini, na namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Kubadilishwa kituo katikati ya fildi kunawezekana na hakukuvunjii mwaka. Nimewahi kumpokea mmoja aliyehamishiwa kwetu wiki ya nne akitokea mahali pa namna hiyo. Alimaliza na wenzake.

Wiki ya mwisho

Usingoje Ijumaa ya mwisho kutafuta saini. Msimamizi atakuwa safarini, nakuhakikishia. Jumatatu ya wiki ya nane peleka logibuku na fomu ya tathmini, na uombe barua ya kuthibitisha umemaliza, yenye kutaja ile kazi uliyokabidhiwa iwe yako. Mwandikie afisa utumishi rasimu, atakushukuru. Rudisha kitambulisho, funguo na kila faili ulilochukua, na uandikishe kwamba umerudisha. Waombe watu wawili namba zao na ruhusa ya kuwataja kama wadhamini kwenye CV, kisha uwatumie salamu ya Idi au ya Krismasi, si siku unayotafuta kazi tu. Ukihitimu, serikali kupitia TaESA, chombo chake cha huduma za ajira, huwa na mafunzo ya uzoefu wa kazi kwa wahitimu, na huko swali la kwanza litakuwa ulifanya nini fildi.

Ripoti ikishasahihishwa chuoni, tuma nakala ofisini. Ni mmoja tu aliyewahi kututumia, naye ni yule binti wa dirishani. Wiki ya sita alikuja na ukurasa wake wa nyuma, akaniambia ukaguzi hautaki: safu ya kuhesabu dakika ilikuwa imejaa vocha, na safu ya kusahau simu ilikuwa na mikutano ya vijiji aliyokwenda na maafisa mipango. Nikamwombea siku zilizobaki akae mipango. Nakala ya ripoti yake ninayo kabatini, na ukurasa wa 14 una jedwali la vocha zisizo na risiti ambalo kila Julai nawafungulia wenye bahasha za kaki kabla sijawaonyesha kiti.